Bustani ya mimea na familia nzima siku ya joto kali: nzuri ila msiende kwa ratiba kama yetu

Nawapa nyota nne. Ya tano wameipoteza kwenye maji ya kunywa na ile ramani yao, nitafika huko.

Jina la bustani sitaji maana nina malalamiko, na pia mengi nitakayosema utayakuta kwenye bustani yoyote ya aina hii. Tulikuwa sita, mimi, baba watoto, mama yangu ambaye goti linamsumbua, na watoto watatu, mkubwa ana miaka 10, wa kati 6, na kitinda mimba ana mwaka na nusu bado yupo kwenye kigari. Siku yenyewe ilikuwa lile joto la kiangazi ambalo ukigusa mkanda wa gari unaruka.

Kosa la kwanza, tulifika saa sita mchana. Kosa la pili, na hili ni la kwangu peke yangu nakubali, nikasema tuanze na nyumba kubwa ya vioo kwa sababu ndo iko kwenye picha zote. Jamani. Nje jua la utosi, ndani nyumba ya vioo imewekwa joto na unyevu wa msitu wa mvua makusudi kabisa kwa ajili ya mimea, sasa we ingia humo saa sita na kigari na mama mwenye goti. Miwani ya baba watoto ikafunga ukungu akasimama katikati ya njia kama nguzo watu wanampita huku na huku, mtoto akaanza kulia, simu nayo kioo chake kina ukungu hata picha hazitoki. Tulikaa dakika nane. Nilihesabu.

Kwa hiyo ushauri mkubwa ni huu na mwingine wote unaweza kuusahau: nyumba za vioo ni za asubuhi mnapofungua nao geti, au za jioni. Mchana ni wa miti. Sisi tulijifunza kwa kulia.

Tukakimbilia kwenye miti na hapo ndo siku ikaanza upya. Kuna sehemu wamepanda miti mikubwa ya zamani, matawi yanashuka karibu yaguse nyasi, ukiingia chini yake unasikia kabisa ubaridi. Nilidhani ni akili yangu tu ila mkubwa akasoma kwenye kibao kwamba mti haukupi kivuli peke yake kama mwavuli, majani yanatoa mvuke wa maji na huo mvuke ukitoka unaondoka na joto, ndo maana kivuli cha mti na kivuli cha turubai havifanani. Baba watoto akajibu kwamba yeye anafanya hivyo hivyo na shati limeloa. Tulitandika shuka pale tukala tulichobeba, mdogo akalala saa nzima na nusu, na nawaambia ukweli hiyo saa na nusu peke yake ililipa kiingilio. Chakula cha kutoka nyumbani wanaruhusu kwenye nyasi ila si ndani ya majengo, ulizeni kabla maana sio bustani zote zinaruhusu.

Sasa mama. Mama alikuja kwa kutusindikiza tu, alisema wazi kwamba maua anayo kwake. Tukapita kwenye vitalu vya mimea ya dawa, na tulimpoteza hapo. Kumbe bustani za mimea asili yake ndo hiyo, ile ya Padua kule Italia ilianzishwa mwaka 1545 kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari wajifunze kutofautisha mmea wa dawa na mmea wa sumu, kwa sababu mizizi iliyokauka sokoni inafanana yote na ukikosea mgonjwa anakufa. Mama akaukuta mshubiri akafurahi kama kakutana na jirani. Akasogea mbele kwenye kiua kimoja cha rangi ya waridi, kile chenye petali tano na asili yake Madagaska, watu wanakipanda mlangoni kwa urembo tu. Kibao kinasema humo ndimo ilipatikana vincristine, dawa inayotibu watoto wenye saratani ya damu. Mama alisoma kile kibao mara mbili. Afu akaniuliza kwa sauti ya chini, hiki si ndo kile nilichokuwa nakung'oa nikisema kinajaa uwanjani? Ndicho. (Na kabla mtu hajaenda kuchemsha majani, mmea wenyewe ni sumu, hiyo dawa inatolewa kwa utaalamu hospitali. Mama naye nilimwambia hivyo hivyo, maana namjua.)

Wamepanga vizuri sehemu hiyo, vibao vina maandishi makubwa, kila baada ya hatua chache kuna benchi na mengi yapo kivulini. Anayeipanga nadhani ana mama mwenye goti.

Saa kumi tukarudi kwenye nyumba ya vioo. Tofauti kama usiku na mchana, jua limelala upande, watu wamepungua, wamefungua madirisha ya juu, na mdogo kaamka anacheka. Hapa ndo nitakaa kidogo.

Wa kati anapenda chokoleti kuliko sisi wazazi wake, nikamwonyesha mkakao. Hakuamini. Maua yake ni madogo kama kucha ya kidole kidogo na hayatoki kwenye matawi ya pembeni kama tulivyozoea, yanatoka moja kwa moja kwenye gome la shina, na matunda yananing'inia hapo hapo kwenye shina kama mtu kayabandika kwa gundi. Akaniuliza nani kayabandika. Hatua tatu mbele kuna mvanila umepanda juu ya nguzo, huo ni okidi unaotambaa, na ua lake likifunguka asubuhi siku hiyo hiyo linanyauka, kwa hiyo nje ya kwao Meksiko lilikuwa halizai maana hakuna mdudu wa kulichavusha. Aliyegundua njia rahisi ya kulichavusha kwa mkono, kwa kijiti na kidole gumba, ni mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion mwaka 1841, Edmond Albius, na njia yake ndo bado inatumika mashambani. Nilimsimulia mkubwa akanyamaza muda mrefu, afu akasema "miaka miwili zaidi yangu". Basi.

Kuna meza ya kugusa, wameweka vyungu vya kifauongo pale. Watu wa bara na pwani mnakijua, tumekua nacho njiani tukienda shule, lakini kuwaona watoto wa watu wamepanga foleni kugusa kifauongo wakipiga kelele kila majani yanapojifunga ilinichekesha sana. Mdogo alikigusa mara moja, kikalala, akakiaga kwa mkono. Mhudumu aliomba kila mtoto aguse jani moja tu kwa sababu kule kujifunga kunakula nguvu za mmea, wengi walimsikiliza, wachache hawakusikia kitu na wazazi wao wapo kwenye simu.

Halafu kwenye rafu ya pembeni kabisa, mahali ambapo kila mtu anapita bila kuangalia, kuna viua vya zambarau vyenye majani ya manyoya manyoya, vile vya kwenye madirisha ya watu dunia nzima. Nasoma kibao: asili yake milima ya Usambara, Tanzania, wanasayansi walikielezea mwaka 1893. Nikamwita kila mtu. Nikapiga picha kibao, sio ua, kibao. Mtu mmoja nyuma yangu alidhani nimeona nyoka.

Mwisho ni chumba cha bwawa. Yale mayungiyungi makubwa ya Amazoni, jani moja linaweza kufika karibu mita tatu, kingo zimekunjwa juu kama sinia, na chini yake ni miiba mitupu na mbavu nene zilizosukwa kama dari. Mwaka 1849 Joseph Paxton, mkuu wa bustani ya Chatsworth huko Uingereza, alimsimamisha binti yake mdogo juu ya jani la namna hii kuonyesha linavyobeba, na ndiye huyo huyo aliyechora lile jumba la vioo la maonyesho ya London ya 1851. Nilifanya kosa la kusema hadithi hii kwa sauti. Wa kati akavua viatu. Tafadhali shikeni mikono ya watoto wenu kwenye chumba hicho, ukingo wa bwawa ni mfupi, na mimi hili nawalaumu wao, sentimita chache zaidi zingetupa amani.

Haya malalamiko yaliyobaki. Bomba la maji ya kunywa nililoliona ni moja, liko getini, na bustani ni kubwa, siku ya joto hiyo sio sawa kabisa, njooni na maji mengi kuliko mnavyodhani. Mgahawa foleni ndefu na kivuli hakuna, tuliacha. Ramani ya karatasi imechorwa kwa urembo, inaonyesha ua la alizeti mahali ambapo choo kinatakiwa kuonekana, na haionyeshi wapi kuna ngazi, tukajikuta mara mbili tumebeba kigari na mtoto ndani yake huku mama anatusubiri juu. Vyoo vyenyewe ni visafi, meza ya kubadilishia mtoto ipo hata upande wa wanaume, baba watoto alishangaa akakosa kisingizio. Duka la kutokea lipo njiani kwa makusudi, huwezi kutoka bila kulipita, jiandaeni kisaikolojia. Tumetoka na mbegu za alizeti na mmea mmoja unaokula wadudu, ambao kila mtu anautumbukizia kidole na nimeshachoka kusema.

Ningependa kurudi, na safari hii saa tatu asubuhi tuko getini. Ila kuna jambo wa kati hajanisamehe. Pale bwawani kulikuwa na tumba limevimba, na mhudumu akatuambia hilo litafunguka leo leo giza likiingia, usiku wa kwanza linakuwa jeupe na linanukia, mbawakawa wanaingia linawafungia ndani mpaka kesho yake, afu usiku wa pili linawaachia likiwa limegeuka rangi ya waridi. Wakati anamalizia kusema wakatangaza wanafunga. Mtoto akashika chuma cha ukingo kwa mikono miwili akasema yeye anabaki kuwangojea hao mbawakawa, na baba yake ilibidi amtoe kidole kimoja kimoja.