GPS au mistari ya sumaku: kipi kinapima vizuri mwendo wa mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake?

Mabishano haya hayaishi. Tuanze na mistari, maana ndiyo yenye maajabu. Lava inapotoka kwenye mgongo wa katikati ya bahari (safu ya milima chini ya maji, mabamba yanapoachana) na kupoa, madini yake ya chuma hugandisha mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati huo. Sumaku hiyo hugeuka, kaskazini ikawa kusini, na sakafu ya bahari hubaki na mistari ya mielekeo inayopishana. Mara ya mwisho ni miaka kama 780,000 iliyopita. Pima umbali kutoka mgongoni hadi mpaka wa mgeuko huo, gawanya kwa miaka, kasi ya upande mmoja unayo. (Wengi husahau kuzidisha kwa mbili ili wapate kasi ya pande zote.) Wanajiofizikia Vine na Matthews walilieleza hilo mwaka 1963. Atlantiki hupanuka sentimita 2 hivi kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyoota.

Kwa gharama, meli ya kuburuta kipimasumaku ni ghali, ila ukishapima umemaliza. Mwamba hauhitaji betri. Kituo cha GPS hutaka umeme, ulinzi na miaka kadhaa ya subira.

Lakini GPS huona milimita, tena za leo. Tetemeko la Japani la 2011 lilisogeza kituo kimoja cha pwani zaidi ya mita 5, na ikaonekana papo hapo. Mistari haiwezi hilo. Nayo GPS haipenyi maji ya bahari.

Unafuatilia ufa wa miamba unaojikaza kabla ya tetemeko? Chukua GPS. Unataka kuirudisha Afrika ilipogusana na Amerika ya Kusini? Mistari, ingawa sakafu ya bahari haivuki sana umri wa miaka milioni 200.