Kuvuta bagi lisilo na namba kutoka Kisumu hadi Uganda: uzoefu wangu na kadi ya njano, bima ya mzigo na bondi ya forodha

Haya nawaandikia wenzangu wa Kisumu, Kakamega, Eldoret na Nakuru wanaojenga magari ya mashindano na kutaka kuyapeleka ng'ambo ya mpaka. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko upande wa Kibuye, na bagi lenyewe, yaani gari dogo la mashindano, nimelijenga kwa mikono yangu: fremu ya mabomba, injini ya Subaru kutoka gari lililobingirika, hakuna milango wala vioo. Halina namba ya usajili wala halitakuwa nayo, maana halikuundwa kwa ajili ya barabara. Dereva wake ni mpwa wangu. Alipopata nafasi ya kushindana Busiika, kaskazini mwa Kampala, nilianza kuuliza mambo mawili: gari lisilo na logbuku linavukaje mpaka wa Busia, na likimuumiza mtu njiani nani atalipa?

Ajenti wa bima wa kwanza niliyempigia alinijibu kwa mkato: chukua kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), umemaliza. Nilimuuliza kuhusu trela, akasema trela inaingia humo humo. Nilimuuliza kuhusu bagi lenyewe, akasema nalo pia. Hakuniuliza hata gari la kuvuta ni la aina gani. Nilishukuru nikakata simu, na ninafurahi kwamba sikumtumia pesa.

Wa pili ni dada mmoja mwenye ofisi ndogo mjini Kisumu, na sehemu kubwa ya sifa nitakazotoa hapa ni zake. Kitu cha kwanza alichotaka ni mkataba mzima wa bima ya pikapu yangu. Cheti tu hakukitaka.

"Fundi, cheti kinamwonyesha polisi kwamba umelipa," alisema. "Mkataba ndio unaosema umelipia nini."

Aliusoma mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaweka kidole kwenye kifungu cha kuvuta. Kilisema pikapu yangu inaruhusiwa kuvuta gari moja lililoharibika njiani, bila malipo, na kwamba kampuni hailipi hasara ya kitu kinachovutwa. Bagi langu halikuwa limeharibika, na tena lilikuwa limepandishwa juu ya trela. Kwa maneno ya mkataba ule, ningetoka Kisumu bila kinga niliyodhani ninayo, na kadi ya njano isingeongeza chochote, kwa sababu kadi hukaa juu ya bima ya nyumbani. Penye shimo kwenye bima ya hapa, hata kadi ina shimo.

Nieleze kadi hiyo kidogo, maana wengi huishika mkononi bila kuijua. Mpango wa kadi ya njano ulianza 1987. Ni bima ya mtu wa tatu, yaani ya kuwalipa wengine unaowaumiza, inayotambuliwa katika nchi zilizo kwenye mpango: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi na nyinginezo. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye kadi imebaki. Hapa Kenya ofisi ya taifa ya mpango iko Kenya Re, kampuni inayozikatia bima kampuni za bima, lakini kadi unaipata kupitia kampuni yako ya bima ya kawaida. Ukimgonga mtu Iganga, madai yanashughulikiwa kule kule kwa sheria za Uganda, kisha ofisi za nchi mbili zinamalizana. Kadi hulipa pia matibabu ya dereva na abiria wa gari lililokatiwa. Haigusi uharibifu wa gari lako mwenyewe, wala mzigo wako. Mtu akikuuzia kwa kukuambia inalipa vyote, ondoka.

Yule dada aliandikia kampuni na kuomba nyongeza ya mkataba, ikitaja pikapu, trela kwa namba yake inayoanza na Z, na maneno kwamba trela itabeba gari la mashindano lisilosajiliwa. Kampuni ilichukua muda kujibu na hapo niliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa tarehe ya mashindano ilikuwa imeshakaribia. Ila jibu lilikuja kwa maandishi, na kadi ikatolewa baada ya hapo. Alinisisitizia jambo moja ambalo ningependa kila kijana wa otokrosi, mbio hizi za magari kwenye vumbi, alishike: bagi likiwa juu ya trela ni mzigo, na bima ya pikapu ndiyo inayolibeba kwa madhara litakalowafanyia wengine. Magurudumu yake yakigusa lami, hata kwa kuvutwa na kamba kutoka kituo cha petroli hadi hotelini, limekuwa gari linalotumika barabarani, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari barabarani liwe limesajiliwa. Kamba basi tukaiacha Kibuye.

Kuhusu bagi lenyewe, alinitafutia bima ya mzigo safarini. Hapa nilikwama kwenye thamani. Gari la kununua lina bei, lakini la kujenga lina risiti za mabomba, injini, shoki na tairi, na jasho ambalo halina risiti. Mkadiriaji alikuja karakana akapiga picha, akapima, akahesabu vipuri. Thamani aliyoandika ilikuwa chini ya ile niliyoitarajia. Niliikubali kwa sababu alinieleza kila mstari. Masharti yalikuwa makali lakini ya haki: mikanda minne ya kufungia, moja kwa kila gurudumu, trela isilale nje bila mlinzi, na kinga inakoma bagi likishushwa uwanjani. Mashindano yenyewe hayamo, na hilo liliandikwa kwa herufi kubwa.

Mpaka hapo ni huduma ya bima, na ninaisifu. Forodha ilikuwa habari nyingine.

Ukivusha kitu cha thamani namna hii kwenda Uganda kwa muda, unahitaji karatasi za pande mbili. Upande wa Kenya ni hati ya kutoka kwa muda, ili ukirudi bagi lisihesabiwe kuwa gari geni linaloingizwa nchini. Upande wa Uganda ni kibali cha kuingiza kwa muda. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu kitu kiingie kwa muda bila kulipiwa ushuru, mradi kitoke ndani ya miezi 12, lakini mamlaka ya kodi inataka dhamana kwamba hutaliuza kule. Dhamana hiyo ndiyo tunayoiita bondi. Inakadiriwa kwa ushuru na kodi ambazo ungelipa kama ungeliingiza moja kwa moja, ikiwemo VAT ya Uganda ya asilimia 18, kwa hiyo thamani aliyoandika mkadiriaji wa bima inarudi kukukumba hapa. Ukiongeza thamani ili ulipwe vizuri bagi likianguka, bondi nayo inapanda. Kuna njia nyingine ya "carnet", kile kitabu cha forodha kinachotolewa hapa Kenya na AA, chama cha wenye magari, nacho hutaka dhamana yake. Kwa anayezunguka nchi kadhaa msimu mzima inaweza kumfaa. Kwa safari moja ya Uganda, bondi ya ajenti ilinitosha.

Ajenti wa forodha niliyempata Busia alijua kazi ya kuvusha. Aliniomba mapema picha za bagi pande zote, risiti ya injini pamoja na nakala ya logbuku ya Subaru iliyotoa injini hiyo, risiti za vipuri vikubwa, na barua ya ruhusa kutoka shirikisho la michezo ya magari la Kenya. Ile ya injini ndiyo muhimu kuliko zote. Bagi halina rekodi, lakini namba ya injini inayo, na afisa akiiingiza kwenye kompyuta akakuta inasoma gari la mtu mwingine, utalala Busia mpaka uthibitishe hukuiiba.

Kutoka Kisumu tulipita Maseno, Yala, Ugunja na Bumala bila shida. Polisi walitusimamisha zaidi ya mara moja, wakatazama kadi na namba ya trela, wakatuachia. Busia ni kituo cha pamoja, kilizinduliwa rasmi 2018: ukienda Uganda husimami upande wa Kenya, unavuka na kuhudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo la upande wa Uganda. Ukirudi ni kinyume chake. Watu tuliingia kwa vitambulisho vya taifa. Bagi ndilo lililotuweka.

Afisa wa ukaguzi, mama mtulivu wa Uganda, alilizunguka mara mbili na karatasi mkononi. "Ssebo, chasisi iko wapi?"

Namba ya chasisi niliigonga mwenyewe kwa namba za chuma kwenye bomba la kulia, chini ya kiti cha dereva, na ndiyo iliyoandikwa kwenye hati zote. Lakini mpwa wangu alikuwa amelipaka bagi rangi upya kwa ajili ya mashindano, na rangi ilikuwa imejaza mifereji ya namba. Yule mama alichutama, akapitisha kidole juu ya bomba, akatikisa kichwa. Mpwa wangu akatoa msasa, akasugua taratibu mpaka chuma kikaonekana. Namba bado zilisomeka nusunusu. Afisa akatoa chaki mfukoni, akaisugua bapa juu ya bomba, akapangusa kwa kiganja, na tarakimu zikajitokeza nyeupe, moja baada ya nyingine. Alizisoma kwa sauti, msaidizi wake akifuata kwenye hati. Zilipolingana zote, aligonga muhuri pale pale juu ya boneti.

"Mjomba, kumbe chaki ni ya maana hivi," mpwa wangu aliniambia. Tangu siku hiyo hatuitoi kwenye sanduku la vifaa.

Barabara ya Bugiri hadi Iganga ina malori mengi, bodaboda na watu wanaotembea ukingoni na mizigo kichwani. Nikiwa nimevuta trela pale, nilielewa ndani kabisa kwa nini yule dada alipigania ile nyongeza ya mkataba. Trela ikiyumba, anayeumia ni mama aliyebeba ndizi. Hakuomba kuwa sehemu ya mchezo wetu, na ana haki ya kulipwa.

Malalamiko yangu yanaanza baada ya kurudi. Tulipovuka kuja Kenya, hati ziligongwa mihuri ya kutoka na ya kuingia, na kazi iliyobaki ilikuwa ajenti kuwasilisha nakala ili bondi ifutwe. Mpaka ifutwe, pesa za amana ulizomwekea ajenti kwa ajili ya bondi zinabaki kwake na jina lako linabaki kwenye deni la kodi ambayo hudaiwi. Ajenti aliyekuwa akinipigia kila asubuhi kabla ya safari sasa hakushika simu. Niliambiwa mfumo uko chini, kisha kwamba faili iko Kampala, kisha kwamba mhusika yuko likizo. Kilichoniokoa ni nakala yangu yenye mihuri ya pande zote mbili, ambayo yule dada wa bima alikuwa amenionya nisiiachie mtu. Niliibeba mwenyewe hadi Busia, nikaonana na afisa, na bondi ikafutwa siku hiyo hiyo. Amana nilirudishiwa baadaye, baada ya kusukumana.

Kwa gharama, kadi ya njano ndiyo ndogo kuliko zote, ikifuatiwa na bima ya mzigo. Bondi ndiyo inayouma, hasa kwa vile pesa inakaa mbali nawe. Kwa bima nitarudi kwa mtu yule yule, na tayari nimemwambia aandike trela na bagi kwenye mkataba tangu siku ya kuuhuisha, tusisubiri tena majibu ya kampuni wiki ya mashindano. Kwa forodha natafuta ajenti mwingine, atakayekubali kuandika kabla ya safari siku atakayofuta bondi na siku atakayorudisha amana. Mwenye kumjua mmoja wa namna hiyo Busia au Malaba, tafadhali aniandikie.