TAHADHARI: Muuzaji wa chatu-mpira anayepita kwenye makundi yetu ya WhatsApp, Dallas na Fort Worth

Ndugu zangu, hasa wazazi wenzangu mlioko Dallas, Fort Worth na vitongoji vyake, someni hii kabla hamjatuma pesa kwa mtu yeyote.

Kuna mtu anatangaza chatu-mpira, yule chatu mdogo anayefugwa nyumbani (kwa Kiingereza ball python), kwenye makundi ya jamii yetu. Sitamtaja jina, maana jina na namba anabadilisha kila akishtukiwa. Mtamjua kwa maneno yake. Anasema nyoka wake "wamezaliwa nyumbani kwangu hapa hapa Texas". Anauza kwa dola 180 pamoja na "seti kamili" ya kumfugia, anataka alipwe kwa simu papo hapo, na makabidhiano ni kwenye maegesho ya magari, usiku. Ukimwomba uende ukaone anakofugia, ana udhuru kila siku.

Jirani yangu, baba mmoja kutoka Bukavu, alimnunulia mwanawe jike la urefu wa karibu mita moja. Kijana alikuwa ameomba miezi mingi, na kwa kweli chatu-mpira ni mnyama mzuri kwa kijana mtulivu: mpole, hana sumu, na si yule chatu mkubwa wa kwetu ambaye hapa Texas kumfuga kunahitaji kibali cha idara ya wanyamapori. Waliniita nimtazame kwa kuwa wanajua nafuga nyoka.

Nilimkuta amejizamisha kwenye bakuli la maji, kichwa tu ndicho kiko nje. Nilipomtoa, maji yaliyobaki yalikuwa na vidoa vyeusi vinavyotembea. Huo ni utitiri. Chini ya kidevu na kuzunguka macho walikuwa wamejaa. Karibu na mkia, nilipopitisha kidole kinyume na magamba, nilikuta gamba moja limenyanyuka, na chini yake kupe amejibana bapa kama mbegu ya ufuta. Wakatoka wengine zaidi. Ubavuni alikuwa na kovu la zamani lililokwisha kupona. Nyoka aliyeanguliwa na kukulia kwenye sanduku safi chumbani kwa mtu hapati kupe, na si kawaida kumkuta na kovu la namna ile.

Baba wa kijana akanionyesha "cheti halali" alichotumiwa kwenye simu. Hapo ndipo uongo wote ulipofunguka. Ilikuwa picha ya kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kimetolewa Togo. Kwenye vibali hivyo kuna sehemu ya herufi inayoonyesha asili ya mnyama: C ni aliyezalishwa kwenye ufugaji, R ni aliyetolewa porini akiwa yai au mtoto mchanga kisha akalelewa shambani, W ni aliyekamatwa porini. Chake kilikuwa na W. Kwa hiyo ama picha hiyo si ya nyoka huyu, ama nyoka huyu hakuzaliwa Texas. Vyovyote vile, muuzaji amedanganya.

Chatu-mpira asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, na Ghana, Togo na Benin ndizo zinazouza nje wengi. Biashara hiyo inaruhusiwa kwa vibali na idadi maalumu. Sina neno na anayeagiza kihalali na kumwambia mnunuzi ukweli. Huyu anachukua mnyama wa bei ya chini, aliyesafirishwa mbali akiwa na vimelea na hofu, kisha anamuuzia mtoto kama nyoka wa nyumbani aliyezoea watu.

Jirani yangu alipolalamika kwamba nyoka amekaa wiki nyingi bila kula, alijibiwa: "Chatu-mpira hugoma kula, ni kawaida, subiri." Jibu hili ndilo linalowanasa wengi, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Mkubwa mwenye afya anaweza kweli kuacha kula kwa miezi, hasa msimu wa kupandana, na asidhurike. Lakini huyo anabaki na mwili wa mviringo. Huyu wa jirani uti wa mgongo ulishachongoka kama paa la nyumba, na ngozi ya ubavuni ilikuwa imekunjamana. Aliyetoka porini mara nyingi hamtambui panya aliyegandishwa kuwa ni chakula, na akiwa na minyoo tumboni pia, hali inazidi kuwa mbaya. Msikubali kuambiwa "subiri" na mtu ambaye hajawahi kuwaonyesha nyoka huyo akila.

Sasa hiyo "seti kamili". Tangi la kioo la nusu mita, mfuniko wa wavu mtupu, taa nyekundu, kipande kimoja cha gogo kilicho wazi pande zote mbili, na mkeka wa joto usio na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Nilipima sakafu juu ya mkeka: nyuzi 46 za Selsiasi. Nyoka analala juu ya kitu hicho na hajui kukikimbia kabla hakijamuunguza tumbo. Mkeka wa joto bila themostati usiuwashe, hata kama umepewa bure.

Anachohitaji chatu-mpira si kigumu, ila hakipatikani kwenye tangi lile. Mkubwa apewe sanduku la karibu sentimita 120 kwa 60, lenye mfuniko unaofungwa kweli, kwa kuwa akipata upenyo atatoka. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Maficho yawe mawili, moja kila upande, yenye mlango mmoja na nafasi ya kumbana mwili pande zote. Huyu ni mnyama wa kukaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu. Akiachwa wazi anaishi kwa hofu, na mwenye hofu hali. Unyevu uwe asilimia 55 hadi 70. Ukishuka sana, gamba analojivua linatoka vipandevipande na kubaki limeng'ang'ania machoni. Wavu mtupu juu ya tangi, kwenye nyumba yenye hita wakati wa baridi, unakausha kila kitu. Na taa nyekundu ya usiku haina kazi. Usiku anataka giza.

Mnaotaka kununua, nunueni mchana, kwa mtu anayekubali mshike nyoka kabla ya pesa. Mkononi anatakiwa ajivute na kujifunga kwa nguvu, asining'inie kama kamba. Tazameni puani: mapovu, au mdomo unaoachama na sauti ya mluzi, ni dalili ya maradhi ya mapafu, na matibabu yake yanapita bei ya nyoka. Sehemu ya haja iwe safi na kavu. Pitisheni karatasi nyeupe ya jikoni mwilini mwake. Utitiri utabaki kwenye karatasi. Kisha ulizeni alikula lini mara ya mwisho, alikula nini, hai au aliyegandishwa, na muombe kumwona akila. Mfugaji wa kweli ana kumbukumbu za chakula na uzito wa kila nyoka na huzionyesha kwa fahari. Huyu wetu aliulizwa akazuia namba.

Jambo lingine, anauza pia wale wa rangi za kuzalishwa, na kuna mmoja anamtangaza kwa video akizungusha kichwa, anaandika "anacheza". Hachezi. Hiyo ni aina inayoitwa buibui, na mtikisiko huo ni kasoro ya neva inayokwenda pamoja na jeni ya rangi yenyewe. Wengine huwa nao kidogo, wengine hushindwa hata kulenga chakula. Na akikuambia nyoka wa rangi ya kawaida "amebeba jeni" ya rangi adimu, kwa hiyo alipe zaidi mnunuzi, mwambie alete kipimo cha vinasaba. Siku hizi kipimo hicho kinafanywa kwa kipande cha gamba lililovuliwa.

Kwa walioko nyumbani Kenya: kuna ujumbe unaozunguka wa mtu anayeahidi kuwatumia chatu-mpira "na vibali vyote", utume pesa ya sanduku la joto kwanza, kisha ya bima, kisha ya karantini. Kila ukilipa linazuka deni jipya, na nyoka hayupo. Hata angekuwepo, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka uwe na kibali chako mwenyewe kutoka KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Hakuna muuzaji wa kwenye simu anayeweza kukubebea kibali hicho.

Kama umeshanunua kwa mtu huyu, usimtupe nyoka nje wala usimpe mtu mwingine. Msimu wa baridi atakufa, na utitiri utahamia kwa nyoka wa mwingine. Mweke peke yake, juu ya karatasi nyeupe badala ya mbao au majani, abadilishiwe kila siku. Mpeleke kwa daktari anayetibu reptilia, si kila daktari wa paka na mbwa anawajua, na upeleke kinyesi kipimwe. Mnawe mikono kwa sabuni kila mnapomshika, watoto hasa, kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoleta ugonjwa wa tumbo. Hifadhi picha, ujumbe na risiti ya malipo, uripoti benki yako mapema, na upeleke malalamiko ofisi ya mwanasheria mkuu wa Texas, kitengo cha kulinda wanunuzi.

Wa jirani yangu yuko kwa daktari sasa, ameshaanza dawa ya minyoo, bado hajala. Aliyenunua kwa muuzaji huyo naye aniandikie faragha. Tunakusanya ushahidi ili malalamiko yaende pamoja.