TAHADHARI: Anayeuza nyumba za Lego "za mzee Mtaliano" hapa Malindi

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu na Kilifi, na nyinyi wa Lamu ambao najua mmeshaanza kutafutwa: kuna mtu anauza nyumba za Lego za zamani, yaani zile za kuchezea za vitofali vya plastiki vya kuunga, kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitumba, na anachouza sicho anachokisema. Vitu alivyomuuzia dada mmoja wa Muyeye nimevikagua kwa mikono yangu. Mazungumzo yake na kijana mmoja wa Lamu, aliyelipa na hajaona hata kitofali kimoja, nimeyasoma yote mwanzo hadi mwisho. Jina sitaliandika hapa. Namba anayotumia imesajiliwa kwa jina jengine, na picha aliyoweka huenda ni ya mtu asiyejua lolote, na sitaki mtu asiye na hatia aandamwe. Lakini maneno yake ni yale yale kwa kila mtu, na ukiyajua utamtambua kabla hujatoa shilingi.

Hadithi yake ni hii. Yeye, na mara nyengine ni shemeji yake, alifanya kazi ya bustani kwa mzee wa Kiitaliano kule Casuarina. Mzee sasa ni mtu mzima sana, anafunga nyumba arudi kwao, na amemwachia masanduku ya michezo ya watoto wake ya miaka ya themanini. Ndani mna nyumba kamili, na vijitabu vyake vya kuonyesha namna ya kuzijenga vipo. Anataja namba za seti bila kubabaika: 6372 ya mwaka 1982, 6374 ya mwaka 1983. Namba hizo ni za kweli, na miaka hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana hata watu wanaovijua vitu hivi wanamsikiliza.

Na kwa hapa Malindi hadithi kama hiyo haimshangazi mtu. Wataliano tunao tangu miaka ya sitini, tangu mradi wa San Marco kule Ngomeni uliporusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa la baharini mwaka 1967, kisha wakaja wenye mahoteli na wenye majumba ya ufuoni. Wengi wetu tuna mama aliyelea watoto wao, baba aliyewapikia, mjomba aliyelinda geti. Watoto wa nyumba zile walipokua, vitu vyao viligawiwa: nguo, baiskeli, na vitofali vya Lego ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo. Wengi wetu tulianzia kwenye mkebe huo. Mlikuwa na ukuta nusu, mlango mmoja, dirisha lisilo na kioo, vipande vya paa vya kuinama ambavyo havitoshi kufunika kitu, na kijitu kimoja kisicho na nywele. Kijitabu hakikuwamo. Tulijenga nyumba ya kukisia, na paa likabaki wazi kila siku.

Kwa hiyo sisi tunaotafuta seti hizi sasa, watu wazima wenye kazi na watoto, hatutafuti vyombo vya anga wala magari ya mbio. Tunatafuta nyumba. Tunataka ile ya kwenye picha, yenye paa zima, dirisha linalofunguka kwa ncha ya kucha, maua mbele ya mlango, na kijitu kinachotabasamu kimesimama kizingitini. Namjua mtu wa Shela, Lamu, anayejenga nyumba yake ya mawe ya kweli na bado akirudi jioni anauliza kama kuna aliyepata kile kibao cha kijani cha chini. Simwoni mjinga hata kidogo. Kitu ambacho mtoto alikipata nusu, mtu mzima ana haki ya kukikamilisha, na ana haki ya kukipata cha kweli akishalipa.

Muuzaji huyu anajua hayo, na hapo ndipo anapotupatia.

Dada wa Muyeye alitoa shilingi 18,500 kwa seti aliyoambiwa ni 6374. Aliitaka kwa ajili ya kaka yake, ambaye waligawana mkebe mmoja utotoni. Aliponiita nikakague, vitofali vilikuwa juu ya meza, havijaungwa. Nilichukua cheupe kimoja cha vinundu vinane nikakipeleka dirishani. Kitofali halisi kina neno LEGO limeinuka juu ya kila kinundu. Ni dogo mno, lakini ukipitisha kucha unalihisi, na ukikiinamisha kwenye mwanga unalisoma. Juu ya kile palikuwa patupu. Nikachukua cha pili, cha tatu, nikaumwaga mfuko wote. Vyenye neno lile vilikuwemo, lakini vichache, na dada akaniambia vyote vilikuwa juu kabisa alipoufungua, pale jicho linapoangukia kwanza. Vilipangwa hivyo kwa makusudi.

Kisha nikatazama kijivu. Lego walibadilisha kijivu chao mwaka 2004. Cha zamani kinaelekea manjano kidogo, cha sasa kinaelekea buluu, na ukiviweka viwili pamoja juu ya karatasi nyeupe huwezi kuvichanganya. Kwenye seti inayoitwa ya 1983, vipande vyote vya kijivu vilikuwa vya kile kinachoelekea buluu. Hata kama vingekuwa na jina la Lego juu yake, visingeweza kutoka sanduku la mwaka huo.

Kijitu nacho kilikuwa kimekunja uso, nyusi zimeshuka, meno nje. Vijitu vyenye mikono na miguu inayosogea vilianza mwaka 1978, na kwa miaka yote iliyofuata vilikuwa na uso mmoja tu: nukta mbili za macho na tabasamu. Nyuso nyengine zilikuja mwaka 1989, pamoja na maharamia. Mwenye hasira hawezi kuwa mwenyeji wa nyumba ya 1983. Na mfuko mdogo wa plastiki alimofungwa ulikuwa na alama ya CE, ile ya Ulaya ya kuonyesha bidhaa imetimiza masharti, ambayo michezo ya watoto ilianza kuwekewa Ulaya mwaka 1990.

Kijitabu kilinikera kuliko vyote, kwa sababu ndicho ambacho sisi wa mkebe hatukuwa nacho kabisa. Kilikuwa kimekunjwa kwa uangalifu na kingo zimesuguliwa zionekane kuukuu. Nililowesha kidole nikapitisha pembeni mwa ukurasa, na wino ukabaki kidoleni. Kimechapishwa kwa printa ya nyumbani, na kuchakaa kwake ni kwa kutengenezwa.

Dada alipomwandikia muuzaji, jibu la kwanza likawa kwamba watoto wa mzee ndio waliovichanganya. La pili, kwamba atarudisha pesa ikiwa vitu vitatumwa kwanza Mombasa, na yeye dada alipie shilingi 1,500 za mzigo. Alipokataa, akamzuia. Hadi leo simu haipokelewi.

Kijana wa Lamu yeye alilipa nusu, shilingi 9,000. Akatumiwa picha ya risiti ya mzigo, akaambiwa umepakiwa basi la asubuhi. Akavuka kwa boti hadi Mokowe kuupokea. Basi likafika, likashusha mizigo yote, na hapakuwa na chenye jina lake. Wahudumu wakaitazama ile picha wakamwonyesha tarehe: risiti ni ya mwaka jana, jina la mpokeaji limefunikwa na kidole. Akiwa bado pale gatini, ukaingia ujumbe: mzigo umezuiliwa stoo, tuma 2,000 utolewe. Namshukuru Mungu hakutuma.

Wote wawili waliambiwa kuna mtu wa Nairobi ameshaweka mkono na atalipa saa kumi jioni. Wote wawili walitumiwa picha zile zile tatu. Na hizo picha ni nzuri, nyumba ni ya kweli kabisa, vitofali vimegeuka rangi kidogo upande mmoja kama inavyotakiwa. Ila zitazameni vizuri: nyuma ya meza, chini ya dirisha, kuna kipasha joto cha ukutani, kile cha mabomba ya chuma cha nchi za baridi. Hakuna nyumba ya Casuarina yenye kitu hicho. Picha zimechukuliwa kwa mtu wa Ulaya ambaye pengine hajui hata Malindi iko wapi.

Akikutafuta, au akikutafuta mwengine mwenye hadithi hii, mwombe picha mpya. Aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke kando ya nyumba, apige. Apige na vinundu kwa karibu, kisha avigeuze vitofali apige chini. Aliye na kitu mkononi hilo ni kazi ya dakika mbili, na wauzaji wa kweli ninaowajua hulifanya kabla hujaomba. Huyu aliambiwa na kijana wa Lamu afungue video, akasema kamera imeharibika, na dakika chache baadaye akatuma picha nyengine.

Uliza pia seti ilikaa wapi. Plastiki ya vitofali hivi, ambayo Lego wanaitumia tangu mwaka 1963, hugeuka rangi kwa mwanga wa jua, na vyeupe ndivyo vinavyoonyesha zaidi. Nyumba iliyokaa kwenye rafu ya baraza ya Malindi miaka arubaini haiwezi kuwa nyeupe pe kila upande. Iliyofungiwa sandukuni inaweza kubaki na weupe wake, kwa hiyo weupe peke yake hauthibitishi ubandia. Unakupa tu haki ya kuuliza. Wapo pia wanaong'arisha vitofali kwa kuviloweka kwenye dawa ya hidrojeni peroksaidi na kuvianika juani. Si wizi, lakini mnunuzi aambiwe.

Jambo moja watu wa huku wanahitaji kulijua, maana nimesikia muuzaji ameanza kulitaja. Kulikuwa na Lego iliyoitwa Minitalia, iliyouzwa Italia miaka ya sabini, na seti zake nyingi zilikuwa nyumba. Kwa idadi ya Wataliano waliopita hapa, inawezekana kabisa zipo kwenye mabohari ya Malindi. Ukigeuza kitofali cha kawaida utaona mirija ya mviringo ndani, ile ambayo Godtfred Kirk Christiansen wa kampuni ya Lego aliiombea hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, huko Denmark tarehe 28 Januari 1958. Ukigeuza cha Minitalia utakuta umbo la X. Kwa hiyo ukikuta X usikimbilie kusema ni bandia. Wala muuzaji akikwambia "hii ni Minitalia ndiyo maana haifanani" usikubali kabla hujaiona hiyo X. Dada wa Muyeye aliambiwa maneno hayo hayo, na vitofali vyake vina mirija ya kawaida, tena mibovu: ukiunga viwili, vinaachana vyenyewe ukiinua mkono. Vya kweli vya mwaka 1958 vinashikana na vya leo.

Niseme pia, sina ugomvi na vitofali vya makampuni mengine. Hataza ile ilikwisha muda wake zamani, na kuna watoto wa Maweni na Barani wanaovichezea kwa furaha kila siku. Anayeviuza kama vilivyo, kwa bei yake, anafanya biashara halali. Huyu anavipa umri na jina visivyo navyo, anavibandikia kumbukumbu ya mzee asiyekuwepo, kisha anavitoza shilingi 18,500.

Kwa walioko Malindi, msilipe kabla ya kuonana. Mahali pa wazi, mchana, kitu juu ya meza. Kabla ya kubonyeza kutuma kwenye M-Pesa, soma jina linalotokea. Likiwa silo aliloliambia, simamisha hapo. Ukishatuma ukagundua mapema, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 uombe pesa zirudishwe, na ufanye hivyo papo hapo, kwa sababu zikishatolewa njia hiyo haisaidii tena. Usifute mazungumzo, hata yanayokuudhi. Piga picha za skrini zenye namba na tarehe.

Dada wa Muyeye anakwenda kituo cha polisi cha Malindi wiki hii kuandikisha taarifa na kuchukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na nitafuatana naye nikiwa na vitofali, kijitabu na mfuko wenye alama ya CE. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iwe ni shamba au ni nyumba ya Lego, na asiambiwe mtu kwamba hiyo ni michezo ya watoto. Kijana wa Lamu ataandikisha kwao. Kama nawe umelipa, au umetumiwa zile picha za kipasha joto, niandikie faraghani na unitumie picha za skrini kabla hatujaenda, ili taarifa zote ziingie pamoja. Na aliyenunua kwa mtu huyu akapata kitu cha kweli, aniambie pia. Nitaliandika hilo hapa hapa.