Uzoefu wangu na The Lift Off, kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, na redio ya asubuhi nimeisikiliza zaidi ndani ya matatu, ambamo abiria hana usemi kuhusu stesheni. Anayechagua ni dereva. Kwa miaka mingi, kwenye magari ya mji wa Kikuyu yanayoteremka barabara ya Waiyaki Way hadi katikati ya Nairobi, chaguo la madereva wengi lilikuwa stesheni ya Classic 105, ambako watangazaji Maina Kageni na Mwalimu King'ang'i walipokea simu za watu waliokosana na wake au waume zao. Baadaye nikapata dereva kijana aliyependa Homeboyz Radio, masafa ya 103.5, na hivyo ndivyo nilivyoanza kukisikiliza The Lift Off bila kukitafuta.

Nianze na kilichonipendeza, kwa sababu kilikuwa kingi. DJ Joe Mfalme aliunganisha nyimbo kwa ustadi ambao hata mimi, nisiyejua majina ya wasanii wengi wa siku hizi, niliutambua: wimbo mmoja ulipokuwa ukiisha, mdundo wa mwingine ulikuwa umeshaingia chini yake, na gari zima likawa linatikisa vichwa katika foleni ya Westlands, ambako ujenzi wa barabara ya juu ya Expressway ulikuwa umeibana barabara. Mtangazaji Shaffie Weru alikuwa ametoka stesheni ya Kiss 100, alikotangaza kwa miaka mingi, na alijua kwamba mtu aliyeamka saa 10 alfajiri hataki hotuba. Yeye na mtangazaji mwenzake Neville Muysa walizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Sheng, wakipokezana maneno kama marafiki walio barazani. Kwa muziki na uchangamfu, kipindi hicho kilistahili sifa zote kilizopewa.

Kasoro yake ilikuwa katika mazungumzo kuhusu wanawake. Sisemi kwamba wao ndio waliouanzisha mtindo huo, kwa kuwa redio za FM za Nairobi zimekuwa zikifanya mambo ya chumbani kuwa kiamshakinywa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wadhamini wamekuwa wakilipia, mradi wasikilizaji wapo. Kanuni za utangazaji za Kenya zinakataza maudhui ya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku, lakini mtu anayesafiri kwa matatu anajua jinsi kanuni hiyo ilivyoheshimiwa. Nimewahi kukaa kando ya mwanafunzi aliyevaa sare ya shule, sote wawili tukitazama dirishani ili macho yetu yasikutane.

Kisha ikafika Machi 2021. Mwanamke wa miaka 20 alikuwa amelazwa hospitalini na majeraha makubwa baada ya kuanguka kutoka ghorofa ya 12 ya jengo lililo katikati ya Nairobi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisukumwa na mwanamume baada ya yeye kumkataa. Watangazaji wa The Lift Off walipoijadili habari hiyo hewani, walimgeuzia lawama yeye, kana kwamba kukubali kukutana na mwanamume ni kujitakia kusukumwa dirishani.

Sikuwa kwenye gari siku hiyo. Sehemu hiyo ilinifikia kama ilivyowafikia Wakenya wengi, kwa simu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka 19, aliweka simu juu ya meza ya jikoni nikiwa nakata sukuma wiki, akaiacha icheze hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, kwa hiyo ni kosa lake?" Niliweka kisu chini. Nilimjibu kwamba si kosa lake hata kidogo, lakini nilichokisikia katika swali lake kilinitisha kuliko sauti za redio, kwani alikuwa ameuliza kwa dhati, akitaka kujua kama siku moja naye atahukumiwa hivyo hivyo.

Anguko lilikuja kwa kasi. Kampuni ya bia ya EABL iliondoa matangazo yake, watangazaji wote watatu wakafutwa kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ikaitoza Radio Africa, wamiliki wa stesheni hiyo, faini ya shilingi milioni 1 na kukisimamisha kipindi kwa miezi 6. Wapo waliosema adhabu ilizidi. Mimi naona ilistahili, ila ninasikitika kwamba pesa za matangazo zilitangulia na kanuni ikafuata, ilhali kanuni hiyo ilikuwepo muda wote. Nasikitika pia kwamba watu watatu waliondoka na mtindo wenyewe ukabaki katika stesheni nyingine.

Ninaupima ustadi wa watangazaji hao, kisha ninapima walichoutumia kukifanya, na siwezi kumshauri mtu atafute rekodi za zamani za kipindi hicho, licha ya muziki ule. Mtangazaji wa asubuhi anaingia kwenye magari yenye watu wasioweza kuondoka wala kuzima, wakiwemo watoto wa shule, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, na pengine mwanamke aliyepigwa jana yake. Anayejua hivyo halafu akamcheka majeruhi amewakosea wote hao kwa pamoja.

Siku hizi bado ninapanda matatu za Kikuyu. Wiki chache zilizopita, stesheni nyingine ilianza kumhoji kwa kicheko mwanamke aliyekuwa akilia kwenye simu, na nikamwomba dereva apunguze sauti. Kondakta alinitazama, akatazama abiria wengine, akaona hakuna aliyepinga. "Dere, weka nyimbo," akasema, na dereva akabadilisha.