Chumba cha chini nilikilipia, mwenzetu akapandishwa ghorofa ya tatu (uzoefu wangu Mji Mkongwe)

Imepita muda kidogo sasa, ilikuwa wikiendi moja baada ya sikukuu, lakini kila nikizikumbuka zile ngazi za hoteli hasira zinanipanda upya, ndo maana naandika.

Sisi tuko wanne, tumesoma skuli moja Unguja miaka ya 80, afu maisha yakatutawanya, mie Dar, mmoja Tanga, mmoja kabaki Unguja kahamia Fuoni, wa nne kaolewa Maskati na hajakanyaga nyumbani miaka mingi. Yeye ndo alotutia hamu, kila akipiga simu ni nataka nilale Mji Mkongwe na nyie hata siku mbili, nisikie adhana za misikiti yote kwa pamoja kama zamani. Sasa huyu wa Maskati kafanyiwa upasuaji wa goti, anatembelea mkongojo, kwahiyo nilipopiga simu hotelini kitu cha kwanza, kabla hata sijauliza bei, nikasema nataka chumba kimoja cha chini. Nikaambiwa kipo. Nikatuma nusu ya pesa. Siku mbili kabla ya safari nikapiga tena, kipo dada wala usiwe na wasi.

Tumeshuka boti Malindi jioni, hamali kachukua mizigo na gari lake la kusukuma maana vichochoro vile gari haipiti, na mwenzetu njia nzima anasimama anagusa milango, huu wa nyumba ya fulani, hapa tulikuwa tunanunua kashata, machozi yanamtoka anacheka. Tumefika hotelini tuna furaha isiyo kifani. Kijana wa mapokezi yuko kwenye simu yake, hakuinuka, shikamoo hakutoa, na sisi ni watu wa umri wa mama yake. Akasema kile cha chini wamo wageni, wameongeza siku. Nikamuuliza na sisi ni nani? Akanijibu, "Nyie si wenyewe hapa mama, ngazi hizi mmezizoea."

Jamani. Neno lile lile tulilolisafiria ndo kalifanya sababu ya kutunyima chumba. Ni wenyewe kweli, tumezaliwa hapa, lakini pesa yangu alipoipokea hakuniuliza mie mgeni au mwenyewe.

Hoteli nyingine muda ule tutaipata wapi na mtu kachoka, basi tukapanda. Anayezijua nyumba za kule anajua ngazi zake, nyembamba, zimesimama wima, giza, pembeni kamba ya kushikilia. Mwenzetu alishindwa kwa miguu. Alikaa kitako akawa anajisogeza nyumanyuma ngazi moja moja, mmoja kamshika mguu, mmoja yuko juu anamvuta kwapani, mie nimebeba mkongojo. Nilihesabu, ngazi 53. Mwanamke mtu mzima, na baibui lake zuri la safari, anapanda kwa makalio, na yule kijana yuko chini anaona.

Nilishuka nikamtaka mkubwa wake. Akaja mwengine kavaa shati safi akaanza kunieleza kuwa nyumba hizi ni za kihistoria, mji ni urithi wa dunia, haturuhusiwi kubadilisha ngazi. Sawa, najua mji uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2000, lakini nani kamwambia abadilishe ngazi? Mie nataka chumba nilichokilipia! Na kama ni historia basi twende nayo, pale mbele kuna jumba la Beit el Ajaib, Sultani Barghash kaijenga 1883, na inasemwa ndo jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Watu wa zamani waliufikiria mguu wa binaadamu, huyu kashindwa hata kutoa kiti tumbebe mwenzetu.

Na hiyo Beit el Ajaib yenyewe hakuiona kwa karibu. Alikuwa anajua kuwa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, alitaka asimame pale mbele aitazame tu, kisha tukae Forodhani, kesho twende Vuga mpaka Majestic tulipokuwa tunaangalia picha za Kihindi. Kushuka ngazi zile mara mbili hakuweza. Siku mbili nzima kakaa juu.

Sasa hapa ndo najichanganya mwenyewe, maana usiku ule tulienda kumletea urojo na mishkaki na juisi ya miwa, tukakaa juu ya paa, wako na kibaraza cha mbao na mito, upepo wa bahari mashallah, na ikaadhiniwa isha huku na kule, sauti moja inamaliza nyingine inaanza, mwenzetu kafumba macho hasemi neno. Tulizungumza mpaka alfajiri. Chini kule tusingezisikia hivyo, nakubali. Na yule dada wa jikoni, alipojua kuna mtu hawezi kushuka, asubuhi kapanda mwenyewe na sinia, mkate wa kumimina wa moto na chai ya maziwa ya iliki, kisha akakaa akamkanda goti kwa mafuta bila kuombwa na bila kutaka kitu. Nikasema basi, niwasamehe, niwape hata nyota tatu.

Jumapili nikaenda kulipa, wakanitoza bei kamili ya chumba cha juu kwa sababu "kina mandhari ya bahari". Ni ghali kuliko cha chini! Nikalipa ile tofauti kwa sababu boti inaondoka na mwenzetu bado yuko kwenye ngazi anashuka kwa makalio.

Nyota moja, na hiyo ni ya dada wa jikoni. Anayekwenda na mzee au mtu wa mguu asitume pesa mpaka aandikiwe kwa maandishi namba ya chumba chenyewe. Mwenzetu yeye kashapiga simu kutoka Maskati, anasema mwakani turudi pale pale, chumba kile kile cha juu. Nimemwambia sitaki kusikia. Afu jana nimejikuta natazama nauli za boti.