Dripu ya ndoo kwenye bustani ya nyumbani: nyanya zimekubali, mchicha umegoma

Wadau wa bustani za nyumbani habari zenu. Hii dripu ya ndoo nimeitumia msimu mzima saivi, na tangu niifunge kila jioni lazima kuna mtu anachungulia ukutani, "vipi, inafanya kazi au umepigwa?" Haya, leo naandika yote mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii asome.

Kwa asiyeijua, ni ndoo ya lita 20 yenye koki chini, inafuata chujio dogo, halafu laini mbili nyeusi, kila moja mita 15, na kila sentimita 30 kuna kitundu kinachodondosha maji tone tone. Ndoo unaiweka juu kama mita moja hivi, unajaza, unafungua koki unaenda zako jikoni kuchoma vitumbua. Hamna pampu hamna umeme, maji yanashuka yenyewe. Nilinunua Kariakoo, ndoo yao nikaikataa nikatumia yangu ya mafuta ya kula, kwa hiyo jumla haikufika hata elfu 60. Maelezo yaliyomo kwenye boksi yalikua ya kichina na michoro midogo kama siafu, nikaachana nayo, tukafunga na kijana wa fundi bomba wa mtaani akaniambia "dada hii ndogo sana, mimi huwa nafunga nyumba nzima", akamaliza kabla chai haijapoa.

Mimi niko Kigamboni, udongo wetu ni mchanga mtupu, ukimwaga ndoo kwenye shimo la nyanya sekunde chache tu unatafuta maji yalikokwenda. Na maji yenyewe ndo hivyo tena. Mliokua Dar mwaka 2022 mnakumbuka mto Ruvu ulivyopungua tukaingia kwenye mgao, kwangu maji ya kuoshea mchele yalikua yanaenda kwenye pilipili, ya kufulia yanaenda kwenye mgomba, mtoto akimwaga kikombe nyumba nzima inanyamaza inamwangalia. Tangu hapo nikawa natafuta kitu ambacho hakitapoteza tone. Hesabu yake ni rahisi, vitundu viko kama 100, ndoo ya lita 20 ikiisha kila mche umekunywa kama glasi moja. Asubuhi ndoo, jioni ndoo, basi. Mpira wa kushika mkononi ulikua unanimalizia maji mara tatu ya hapo na nusu yake yanaenda kwenye njia na miguuni kwangu.

Sasa nyanya. Misimu iliyopita nyanya zangu zilikua zinaoza kitako, unaona tunda zuri limeshiba, ukiligeuza chini kuna doa jeusi limebonyea kama mtu kalichoma na pasi. Hili jambo limejadiliwa ukutani kwangu kuliko bajeti ya serikali! Mama jirani, mtu mzima namwamkia shikamoo, yeye ni wa maganda ya mayai, "mwanangu saga maganda weka kwenye shina". Mzee mmoja mstaafu wa nyumba ya kona anasema chokaa tu. Mdogo wangu wa grupu la WhatsApp, kasomea kilimo, akasema wote mko sawa na wote hamjafika, shida ni kalisiamu kweli ila mara nyingi udongoni ipo, inasafiri na maji, na mtu ukimwagilia leo mafuriko kesho kutwa ukame haifiki kwenye tunda vizuri. Basi tangu nifunge dripu, maji yakawa yanakuja kidogo kidogo kila siku, vitako vyeusi vimepungua mpaka nikawa navitafuta nipige picha sivipati. Nisiipe dripu sifa zote lakini, nilitandaza na nyasi kavu na makumbi juu ya udongo, nayo yanasaidia unyevu usikimbie. Mama jirani anasema ni maganda yake aliyonipa mwaka jana ndo yameanza kufanya kazi, na mimi nimemwachia ushindi, maana ndo ananiletea kisamvu kilichotwangwa tayari.

Faida nyingine majani hayaloi. Ule ugonjwa wa bakajani unapenda sana majani yaliyolowa, kwa hiyo kumwagilia chini tu kunapunguza, ila masika yakishuka mvua ikipiga mfululizo hamna dripu wala nini, utapata tu. Na kantangaze, yule mdudu wa nyanya, hajali kabisa unamwagilia na nini. Jamaa kaingia nchini 2014 na hajaaga. Ukilishika jani lenye michirizi myeupe ukalielekeza juani unamwona kiwavi wake kajilaza katikati ya ngozi mbili za jani, anakula taratibu hana wasiwasi. Mi nachuma hilo jani nafunga kwenye mfuko wa nailoni naanika juani, siyo kwamba inamaliza, ila roho inatulia.

Mchicha sasa! Jamani msinunue hii kitu kwa ajili ya mchicha. Mchicha unamwaga mbegu tuta zima, dripu inalowesha viduara tu, na kwenye mchanga maji yanazama chini badala ya kusambaa pembeni, kwa hiyo nilipata vichaka vya mchicha kila sentimita 30 na katikati upara. Matembele nayo hivyo hivyo hayakufurahia. Hizo endeleeni na keni au ndoo iliyotobolewa. Nyanya, bamia, pilipili, bilinganya, hoho, hapo ndo kwake, na mche uupande pale pale kwenye kitundu, usisogee hata kiganja.

Usumbufu wake mkubwa ni kuziba. Mi natumia kisima cha jirani na maji yake yana magadi magadi, baada ya muda vitundu vinaota ukoko mweupe mgumu, unaona mche mmoja umelegea saa nne asubuhi wakati wenzake wamesimama, ukienda kuangalia kitundu kikavu. Nachomoa laini hiyo, naizamisha kwenye diaba la maji yenye siki usiku kucha, asubuhi nasugua kwa mswaki wa zamani, kinatema. Chujio nafungua kila wiki, ukikigonga kwenye kiganja linatoka tope la kahawia linateleza kama mlenda. Halafu kufungua ncha za laini maji yapige yatoe uchafu, hii wengi hawaambiwi dukani. Koki niliyouziwa nayo ilianza kuvuja mapema tu, nikarudi, muuzaji akaniambia hiyo haina waranti, nikanunua nyingine ya chuma kwa fundi wa mtaani na mpaka leo imetulia. Na tuta liwe sawa jamani, likiinama wa chini wanakunywa na wa juu wanaangalia.

Kitu ambacho sikutegemea ni kwamba nilidhani nikiacha kushika mpira zile soga za jioni zitakufa, maana ndo tulikua tunakutana kila mtu anamwagilia upande wake wa ukuta. Wapi! Saivi mikono iko huru ndo soga zimenoga, mtu anatuma sauti ya dakika tano kuhusu utitiri kwenye mchungwa inaishia kwenye posa ya binti wa watu na bei ya gesi. Mzee wa kona yeye anakuja na kiti chake kabisa, anakaa anaangalia matone, anasema hapo namba saba haitoi, na kweli haitoi.

Kwa bustani ndogo yenye miche ya mistari, kwa mtu wa kisima au mgao, nunueni, ningepewa nafasi ningenunua tena. Kwa mboga za kumwaga mbegu, msipoteze hela. Na mwenye kujua wapi wanauza zile kofia za ncha za laini rejareja anishtue, panya wameshanitafunia mbili na nimefunga na kipande cha ndala, kinashikilia ila kinavuja.